Nimepunguza uzito mara tatu, umerudi mara tatu: tatizo liko wapi?

SWALI: Nina miaka 38, urefu wangu ni sm 164 na uzito kilo 86. Nimeshapunguza uzito mara tatu. Mara ya mwisho nilikula matunda, mboga na supu tu kwa wiki nane nikashuka kilo 9, lakini miezi saba baadaye zilikuwa zimerudi zote na mbili za nyongeza. Sasa natembea saa nzima karibu kila siku na mizani haisogei, ingawa naona nakula kidogo. Naambiwa kwa umri huu metaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, imeshalala, niache wanga kabisa na nisile baada ya saa 12 jioni. Nifanye nini ambacho kitadumu?

JIBU: Dada, mlo wako wa wiki nane haukushindwa. Ulikushusha kilo 9, na huo ndio uwezo wake. Kasoro yake ni kwamba ulikuwa na tarehe ya kuisha. Ulipoisha ulirudi kwenye ulaji uleule uliokupandisha mwanzo, na mwili nao ukarudi kulekule. Uzito wa mtu mzima, ukiutazama kwa miaka, hufuata wastani wa anachokula na anavyojishughulisha. Anayetaka kubaki na kilo 78 inabidi aanze mapema kula kwa namna ambayo bado atakuwa anakula mwaka wa tatu. Kwa hiyo kila ushauri unaopewa, na huu wangu pia, upime kwa swali hilo: naweza kuishi hivi miaka mitatu? Kama huwezi, usiuanze, hata kama ungekushusha haraka.

Tena, kilo 9 zile hazikuwa mafuta yote. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukikata chakula ghafla akiba hutumika, maji hutoka, na mizani inashuka kilo moja hadi mbili ndani ya wiki ya kwanza. Siku ukila mlo wa kawaida maji hurudi, nawe unadhani umeharibu kila kitu. Juu ya hayo, mlo usio na protini ya kutosha wala mazoezi ya nguvu hula misuli. Mara nyingi karibu robo ya uzito unaopotea hivyo si mafuta.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Imezoeleka kusema kilo moja ya mafuta ina kalori 7,700, kwa hiyo ukipunguza kalori 500 kwa siku utashuka karibu nusu kilo kila wiki, moja kwa moja. Mwanzoni inakaribia ukweli, baadaye haikubali, kwa sababu mwili unaopungua hutumia nishati kidogo zaidi. Makadirio bora yalitolewa na mtafiti Kevin Hall na wenzake katika jarida la Lancet mwaka 2011: kila kalori 24 kwa siku unazopunguza kwa kudumu huleta, mwishowe, tofauti ya kilo 1. Nusu ya tofauti hiyo hupatikana ndani ya mwaka mmoja, na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Ukipunguza kalori 300 hadi 400 kwa siku na kubaki hapo, tarajia kilo 6 hadi 8 mwaka wa kwanza. Najua inasikika polepole kwa mtu aliyewahi kushuka 9 kwa wiki nane, lakini kilo 6 kwako ni asilimia 7 ya uzito wako, na lengo la asilimia 7 pamoja na dakika 150 za mazoezi kwa wiki ndilo lililotumika katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari uliochapishwa mwaka 2002. Watu waliokuwa karibu kupata kisukari cha aina ya pili na wakapewa lengo hilo walipunguza hatari yao kwa asilimia 58, zaidi ya waliopewa metformin, dawa ya kisukari, ambao hatari yao ilipungua kwa asilimia 31.

Niyamalize kwanza hayo uliyoambiwa. Metaboli yako haijalala. Vipimo vya zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, vilivyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2021, vilionyesha kwamba matumizi ya nishati, ukizingatia ukubwa wa mwili, hayabadiliki kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika katika umri wako ni kukaa zaidi, kulala kidogo na kupungua kwa misuli. Kuacha wanga? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifuatilia watu 609 kwa miezi 12, nusu wakipunguza wanga na nusu wakipunguza mafuta. Makundi yote mawili yalishuka kwa wastani kati ya kilo 5 na 6, bila tofauti ya maana kati yao. Chagua unaloweza kulishika. Na saa 12 jioni haina uchawi. Kula usiku hunenepesha kwa sababu mara nyingi ni chakula cha ziada, kinacholiwa mbele ya televisheni bila sahani. Mlo wa jioni saa 2 usiku hauna ubaya ukiwa ndio mlo wenyewe na jikoni kukafungwa baada yake.

Hizo kalori 300 hadi 400 zitoke wapi? Anza na mafuta ya kupikia, kwa kuwa ndiko zinakojificha nyingi na ndiko utakakopunguza bila kuhisi njaa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe ya mmea gani, kina kalori zipatazo 120. Hayashibishi wala hayaonekani kwenye sahani, na mpishi akimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa hawezi kujua ametia vijiko viwili au vitano. Fanya hivi: Jumatatu asubuhi chukua chupa, bandika utepe au chora mstari wa kalamu pale mafuta yalipofikia. Pikeni kama kawaida wiki nzima bila kujizuia. Jumapili usiku pima yaliyotumika, gawa kwa idadi ya walaji, kisha gawa kwa siku 7. Lita moja ikitumiwa na watu wanne kwa wiki, kila mmoja anapata karibu kalori 295 kwa siku kutoka kwenye chupa pekee. Mkipunguza hadi nusu lita, kila mmoja anapungukiwa na kalori 147 kwa siku, na kwa kanuni ile ya kalori 24 hizo ni karibu kilo 6 kwa muda mrefu, bila mtu kuacha chakula chochote anachokipenda.

Kuifikia nusu lita si kuchemsha kila kitu. Weka kijiko ndani ya droo ya jiko na uanze kupima: kijiko kimoja hadi viwili vya chakula kwa sufuria ya watu wanne. Kaanga vitunguu kwa mafuta hayo kwa moto wa wastani, na vikianza kushika nyunyiza maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Ladha itoke kwenye kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya, ndimu na viungo. Vyakula vya kuzamisha kwenye mafuta viwe vya siku moja kwa wiki. Kosa la kawaida ni kuyaondoa mafuta yote kwa mkupuo: chakula kinakosa ladha, watu wa nyumbani wanalalamika, na wiki ya pili chupa inarudi na hasira.

Baada ya mafuta, vinywaji. Soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, takriban kalori 210, na mwili hauzihesabu kama chakula, hivyo unakula mlo wako uleule juu yake. Juisi ya matunda, hata uliyokamua mwenyewe, haina tofauti kubwa: umekunywa sukari ya matunda manne na kuziacha nyuzinyuzi zilizokuwa zikushibishe. Kula tunda lenyewe. Kwa chai, vijiko vidogo vitatu vya sukari katika kila kikombe, kwa vikombe vitatu, ni karibu kalori 145 kwa siku. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea, na baada ya miezi michache chai ya zamani utaiona tamu kupita kiasi. Pombe nayo ina kalori 7 kwa gramu, karibu sawa na mafuta yenye 9, wakati wanga na protini zina 4.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga, robo protini, robo wanga. Ukijaribu kubadilisha kwa siku moja utalala na njaa, kwa hiyo punguza wanga kwa robo kwanza na ujaze nafasi hiyo kwa mboga zilizopikwa, kaa hapo wiki mbili, kisha punguza tena. Kikombe cha wali uliopikwa kina kalori zipatazo 200, na sahani iliyojazwa kwa macho inaweza kubeba vikombe vitatu. Pakua mara moja, sufuria ibaki jikoni. Ukitaka kuongeza, ongeza, lakini iwe ni kwa kusimama na kwenda, baada ya dakika 15 hivi tangu umalize.

Protini ndiyo iliyokosekana katika mlo wako wa supu na matunda, ndiyo maana njaa ilikusumbua na misuli ikapungua. Lenga gramu 25 hadi 30 kila mlo. Gramu 100 za samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi, ikiwa imepikwa, zina karibu kiasi hicho. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 pamoja na nyuzinyuzi nyingi, yai moja lina 6, glasi ya maziwa 8. Asubuhi ndiyo huharibika zaidi: chai na mkate mweupe vina protini kidogo sana, na saa 4 asubuhi tayari unatafuta kitu cha kutafuna. Mayai mawili na glasi ya maziwa hukufikisha gramu 20. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake.

Vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, yaani biskuti, krispi, soseji, nafaka tamu za boksi na ndugu zao, vina tatizo linalozidi kalori zilizoandikwa kwenye pakiti. Mwaka 2019 Hall huyohuyo aliwaweka watu 20 kwenye kituo cha utafiti. Wiki mbili walipewa vyakula hivyo, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, kila mmoja ale anavyotaka. Sukari, mafuta na nyuzinyuzi vilisawazishwa katika milo waliyowekewa, lakini kwenye vyakula vya viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka takriban kilo moja. Walikula kwa kasi zaidi pia. Huna haja ya kuviapia. Visiwepo tu nyumbani ambako mkono unavifikia. Ukivitaka, toka ununue kimoja, ukile, yaishe.

Tuje kwenye matembezi yako. Kwa uzito wako, saa moja ya mwendo wa kilomita 5 hutumia kalori 200 hivi zaidi ya ambazo ungetumia ukiwa umekaa. Ni kazi nzuri kwa moyo, sukari na usingizi, lakini soda moja inazirudisha zote, na mara nyingi mtu aliyetembea asubuhi hujiruhusu kipande cha ziada mchana na kukaa zaidi jioni bila kugundua. Hilo la kuona unakula kidogo si uongo wako, ni udhaifu wa kumbukumbu zetu sote. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu waliokuwa na hakika kwamba wanakula kidogo na hawapungui. Ilibainika walikuwa wakitaja pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula, na kuzidisha mazoezi yao kwa asilimia 51. Kwa siku saba tu, piga picha kila kinachoingia mdomoni, pamoja na unachoonja ukipika na masalio ya sahani za watoto. Usibadilishe kitu wiki hiyo, angalia tu. Wengi huona pale penye tatizo kabla hata ya kuhesabu kalori moja.

Endelea kutembea, ila ongeza mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, na hii sehemu ya pili ndiyo inayoachwa. Mazoezi manne yanatosha: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono; kujisukuma ukiegemea meza imara; kulala chali, magoti yamekunjwa, ukiinua nyonga; na kuinama kidogo ukivuta begi lenye vitabu au chupa za maji kuelekea ubavuni. Fanya mizunguko miwili au mitatu, kila zoezi mara 8 hadi 12, na uache ukihisi bado ungeweza kurudia mara mbili. Ukifika 12 kwa urahisi, ongeza uzito wa begi au tumia kiti kifupi zaidi. Usianze kwa kukimbia wala kuruka kamba: kwa kilo 86 goti hubeba mzigo mkubwa kila hatua, na goti likiuma wiki ya pili mpango wote unalala. Na mazoezi ya tumbo hayayeyushi mafuta ya tumbo. Yanaimarisha misuli iliyo chini yake tu.

Ili haya yawe mazoea na si kazi ya kujilazimisha, yafunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. "Nitafanya mazoezi zaidi" haina mahali pa kushika. "Nikimaliza chai ya asubuhi navaa viatu" inapo. Anza na badiliko moja au mawili, siyo yote niliyoyataja. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya, na kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo lifanyike lenyewe. Aliyewahi alichukua siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Walichogundua kingine kinakuhusu: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Kinachoharibu ni ile kauli ya "leo nimeshavuruga, nianze upya Jumatatu". Umekula keki kwenye sherehe saa 8 mchana? Mlo wa jioni unabaki wa kawaida, usiuruke, kwa sababu anayeruka mlo kujiadhibu mara nyingi huishia na njaa inayomrudisha kwenye kula ovyo.

Usingizi wengi hawauweki kwenye hesabu. Jaribio la mwaka 2022 liliwachukua watu waliokuwa wakilala chini ya saa 6 na nusu, wakaelekezwa namna ya kuongeza usingizi wao kwa saa moja na zaidi. Bila kuambiwa lolote kuhusu chakula, walipunguza ulaji kwa karibu kalori 270 kwa siku.

Mizani ipande asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya kula, na uandike. Namba ya siku moja haina maana: chumvi ya jana, choo na siku za hedhi vinaweza kuipeleka juu au chini kilo moja hadi mbili. Chukua wastani wa wiki hii, ulinganishe na wastani wa wiki moja ya wiki nne nyuma, hivyo utakuwa unalinganisha sehemu ileile ya mzunguko wako. Pima pia kiuno kwa futi kamba mara moja kwa mwezi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Ukiwa unafanya mazoezi ya nguvu, kiuno kinaweza kupungua mwezi ambao mizani imesimama.

Na itasimama. Kila kilo unayoshuka hupunguza matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini huongeza hamu ya kula kwa karibu kalori 100. Soma tena hizo namba mbili: kinachowashinda wengi ni njaa, si metaboli. Watafiti wa Melbourne walikuta mwaka 2011 kwamba homoni za njaa bado zilikuwa zimepanda mwaka mzima baada ya watu kupungua. Ndiyo sababu nimekazania protini, mboga na usingizi kuliko kuhesabu kila tonge. Ukikwama wiki nne au zaidi, usikate chakula papo hapo. Rudia kipimo cha chupa ya mafuta na picha za siku saba kwanza, kwani vipimo hulegea vyenyewe taratibu. Kama vyote viko sawa, ongeza dakika 10 za kutembea baada ya milo miwili.

Kabla ya kuanza, muone daktari. Kwa urefu na uzito wako BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ni karibu 32, hivyo pima shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu. Kama una uchovu usioisha, unasikia baridi kuliko wenzako au hedhi imevurugika, mwambie aangalie tezi ya thairoidi na homoni. Mtajie dawa zote unazotumia. Steroidi, insulini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza uzito, ila usiache yoyote mwenyewe. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari anaweza kuanguka akipunguza chakula bila dozi kurekebishwa, na wa shinikizo la damu huenda akahitaji dozi ndogo kadiri anavyopungua. Usishuke kwa zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Kasi hiyo huongeza hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mjamzito asianze kabisa mpango wa kupunguza uzito.

Ukifika kilo 80, kaa hapo miezi mitatu kabla ya kufikiria kushuka zaidi. Kudumisha kuna kazi yake. Nchini Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 linalofuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki, hula kifungua kinywa kila siku na hufanya mazoezi ya karibu saa moja kwa siku. Matembezi yako, ambayo sasa yanaonekana hayakusaidii, ndiyo yatakayokubakisha huko. Andika mpaka wako pembeni ya mizani: wastani wa wiki ukigusa kilo 82, siku hiyohiyo rudisha kijiko cha kupimia mafuta na uanze tena picha za siku saba, bila kungoja ifike 86.